GOV.UK: haina mapambo, ndo maana naipa nyota nne

Wadau mnaotengeneza websaiti, na nyie mabosi mnaozilipia, hebu siku moja fungueni gov.uk, ile ya serikali ya Uingereza, mzunguke humo hata kama hamna mpango wa viza. Mwanzoni utasema mbona kama haijaisha, hakuna picha zinazoteleza, hakuna watu wa suti wanapeana mikono, ni maandishi meusi kwenye weupe, linki za bluu na kitufe kimoja cha kijani. Na hiyo hiyo mwaka 2013 ilibeba tuzo ya dizaini ya mwaka ya Design Museum ya London, ilikuwa haijamaliza hata mwaka toka izinduliwe Oktoba 2012.

Ninachoipendea kila rangi ina kazi. Kijani ni anza au endelea, nyekundu umekosea, njano inakuonyesha uko wapi ukiwa unatembea kwa kibodi bila mausi, basi. Huku kwetu websaiti nyingi mkanda unapita juu, tangazo linawakawaka pembeni, mkurugenzi anatabasamu katikati, yaani kama daladala lililobandikwa stika mpaka huoni linaenda wapi, na fomu uliyoifuata ukija kuipata ni PDF iliyoskaniwa kiupandeupande.

Fonti yake imetokana na Transport, ile waliyoichora Jock Kinneir na Margaret Calvert kwa ajili ya vibao vya barabarani vya Uingereza, kwa hiyo ni herufi zilizotengenezwa mtu azisome akiwa kwenye mwendo. Kwenye skrini kubwa maandishi ya kawaida ni pikseli 19, na mstari hauachwi utambae mpaka ukingoni, unakatwa mapema ili jicho likirudi lisipotee. Mambo ya kijivu hafifu juu ya nyeupe eti ndo umaridadi hakuna, jaribu kusoma hiyo kijivu juani pale Kariakoo uone.

Fomu sasa, hapo ndo wamenimaliza. Ukicheki kama unahitaji viza wanakuuliza pasipoti yako ya nchi gani, ukijibu unaenda ukurasa mwingine wanakuuliza unaenda kufanya nini, swali moja moja hivyo hivyo, huwezi kuchanganyikiwa. Kwenye fomu zao tarehe ya kuzaliwa ni visanduku vitatu, siku mwezi mwaka, unaandika mwenyewe, hakuna ile kalenda ambayo bibi wa 1951 anairudisha nyuma mwezi kwa mwezi mpaka chai inapoa. Ukikosea unaambiwa juu kabisa ya ukurasa na tena palepale kwenye kisanduku, kwa maneno, sio kuachiwa tu ka-mstari kekundu uhangaike kubahatisha.

Nyota moja nimeikata kwa sababu huo mtindo wa swali moja kila ukurasa ukiwa na mtandao wa kusuasua unachosha, bonyeza subiri bonyeza subiri, japo kurasa zenyewe ni nyepesi. Halafu msije mkamfanyia hivi mteja anayeuza vitenge, kitenge bila picha kubwa nani atanunua? Hii inafaa pale mtu amekuja kumaliza shida yake aondoke, shule, hospitali, halmashauri, maji, umeme. Mwaka 2025 mkanda mweusi wa juu wameugeuza bluu, mi naona mweusi ulikuwa na heshima zaidi ila sio ishu.

Vipande vyote, vitufe, fomu, ujumbe wa makosa, wameviweka wazi pamoja na code zake, yaani yale maandishi ya programu yanayovijenga, na maelezo kwa nini kila kimoja kiko hivyo, bure kabisa, unachukua unaweka rangi zako. Ila fonti muiache, leseni yake ni ya huduma zilizo kwenye gov.uk tu, wekeni Arial na hakuna mteja atakayelalamika.