Tanga dogo la pili mbele: miezi 14 ya kulitumia kwenye upepo mkali

Nimelitumia tanga hili miezi 14 sasa, mchana na usiku, na nimelipandisha siku ambazo zamani ningesema leo tutulie nangani. Ni tanga la pembetatu la mita za mraba 13, la kitambaa kizito cha Dacron cha gramu 340 kwa mita ya mraba. Halikai kwenye waya wa mbele kabisa pale omoni, yaani kwenye ncha ya mbele ya chombo. Lina waya wake, unaoshuka kati ya omo na mlingoti, na linashikwa na vifungo vya shaba ambavyo unavifunga kimoja kimoja kwa mkono.

Chombo chetu ni cha safari ndefu, mita 11, mlingoti mmoja, usukani wa kana, yaani mti mrefu wa kuugeuzia usukani kwa mkono. Tanga kuu lina mita za mraba 26, na lile kubwa la mbele la kuviringisha lina 38. Upepo wa maili 10 hadi 14 za baharini kwa saa, hakuna raha kama hiyo. Ukipita 18, chombo kinaanza kutafuta joshi, yaani omo inataka kugeukia upepo, na anayeshika usukani anashindana nacho.

Usiku mmoja tulikuwa tunapiga bisho, yaani tunapanda dhidi ya upepo kwa kwenda upande upande, upepo maili 22, mdogo wangu wa kiume yuko usukanini. Tanga kuu lilikuwa kwenye mkunjo wa kwanza, yaani limeshushwa na kukunjwa kidogo chini ili lipungue, na lile kubwa la mbele tumeliviringisha nusu. Kana ameivuta hadi kifuani kwa mikono miwili, na mguu ameukaza kwenye kiti cha upande wa demani, kule upepo unakoelekea. Akaniita, "Dada, njoo ushike wewe, mikono imekufa ganzi." Hakuwa amemaliza hata nusu saa.

Hapo nilimulika tochi kwenye utepe. Nimebandika vipande vya utepe mweupe chini ya ncha ya kana, kila sentimita 10 kutoka katikati. Kana yetu ina urefu wa mita 1.2, kwa hiyo kila kipande ni kama digrii 5 za usukani. Kipande cha kwanza ni kizuri: chombo kikitafuta joshi kidogo, mkono unapata hisia, na ukiiachia kana kinapanda kwenye upepo chenyewe badala ya kukimbia nao. Usiku ule kana ilikuwa imepita kipande cha tatu. Usukani uliogeuzwa hivyo ni breki. Unaburuta maji, na nyuma ya tezi, mkiani mwa chombo, unaona povu linachemka.

Chanzo si usukani. Nguvu ya upepo kwenye tanga hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka maili 12 hadi 24 mzigo unakuwa mara nne. Chombo kinalala, matanga yananing'inia nje ya ubavu juu ya maji, na msukumo wake unatoka pembeni, mbali na mkuku, uti wa chini wa chombo. Hapo unakigeuza chombo kuelekea joshi, mfano wa mtu anayesukuma mkokoteni kwa kona moja tu. Na lile tanga kubwa lililoviringishwa nusu linaongeza tatizo: linavimba katikati kama mfuko, ukingo wake wa chini unapanda juu, na linakilaza chombo kuliko linavyokivuta mbele.

Tanga dogo ndilo tulilolitafuta kama dawa, lakini mara ya kwanza nililitumia vibaya. Niliviringisha lile kubwa lote, nikapandisha dogo, nikaliacha tanga kuu kwenye mkunjo wa kwanza. Chombo kikawa kibishi zaidi! Ukifikiri utaona kwa nini: nimeondoa mvuto mkubwa uliokuwa omoni, nikaweka mdogo karibu na mlingoti, na nyuma bado kuna tanga kuu kubwa linalosukuma tezi. Uzani wote wa upepo ulirudi nyuma. Fundi aliyelishona alikuwa ameniambia nisilipandishe bila kushusha tanga kuu hadi mkunjo wa pili, na mimi nikadhani ni tahadhari tu ya mtu mwenye hofu. Aliyosema ndiyo siri yote ya tanga hili.

Tulishusha hadi mkunjo wa pili. Tanga kuu likabaki na kama mita za mraba 15, dogo 13, yote mawili chini na karibu na mlingoti. Mlalo ukashuka kutoka digrii 28 hadi 17 kwenye kipimo cha ukutani, na kana ikarudi kwenye kipande cha kwanza cha utepe. Mdogo wangu akaishika kwa vidole viwili. Mwendo haukupungua, tena ukaongezeka nusu maili, ingawa eneo la matanga lilikuwa dogo zaidi. Tangu hapo hata rubani wa umeme, kifaa kinachoshika usukani chenyewe, anafanya kazi bila kulia kila wimbi likipiga.

Kuna vitu vidogo vinavyolifanya lifae. Kaza henza yake, kamba ya kulipandishia, hadi mikunjo ya kulala kwenye ukingo wa mbele ipotee, usiogope kutumia winchi. Tanga kuu nalo livute liwe bapa, hasa ukingo wa chini, kwa sababu tanga lenye tumbo kubwa kwenye upepo mkali linalaza tu. Upepo ukipiga ghafla, mimi huanza kwa kulegeza demani ya tanga kuu, yaani kamba inayolivuta ndani, na dogo siligusi. Kana inakuwa nyepesi papo hapo.

Ushonaji naupa alama zote. Mishono ni ya mistari mitatu ya msumeno, pembe zimewekwa viraka tabaka juu ya tabaka, na kando ya nyuma kuna uzi wa kukaza unaozuia ukingo usipigepige. Baada ya miezi 14 sijaona mshono hata mmoja uliofunguka. Palipokwaruzwa ni kwenye pembe ya nyuma tu, pale kamba ya demani inapofungwa, inapogusa nyaya za ubavuni tukigeuza, na hapo nimeshona kipande cha ngozi.

Malalamiko yangu yako kwa aliyetufungia bamba la chini la waya, na huyo si fundi wa matanga. Alilifunga kwenye sitaha kwa bolti nne akaondoka. Tulipokaza waya siku ya upepo, mlango wa chumba cha mbele ukagoma kufunga. Sitaha ilikuwa inanyanyuka! Waya wa namna hii unavuta kwa nguvu nyingi, na lazima bamba lishikwe kutoka chini, kwa fito ya chuma inayoshuka hadi kwenye ukuta imara wa ndani au kwenye mwili wa chombo. Tuliitia hiyo fito wenyewe, na mlango sasa unafunga hata waya ukiwa umekazwa hadi mwisho. Kabla hujalipa mtu, muulize kule chini nguvu itaishia wapi.

Jingine la kujua: ukiuacha waya mahali pake kwenye upepo mdogo, tanga kubwa linakwama kila unapogeuza chombo, mtu lazima aende mbele akalivushe. Sisi tunaufungua kwa kibano chake na kuufunga kando ya mlingoti, kazi ya dakika tano. Pia mlingoti unahitaji kamba mbili za kuushikilia kwa nyuma, moja kila upande, na unapogeuza lazima uzibadilishe. Usiku hii inachosha, sitaficha.

Chombo cha mita 7 au 8 pengine hakilihitaji. Tanga dogo zuri la waya wa mbele linatosha. Lakini kama una tanga kubwa la kuviringisha na umezoea kuliacha nusu upepo ukifika maili 20, shoneshea chombo chako hili. Lipandishe kabla ya giza, maili 17 au 18, wakati bado unaweza kutembea sitahani umesimama wima. Mfuko wake tunaufunga chini ya waya tangu mchana, vifungo vyote vimeshavalishwa, henza tayari.