SMBJ24A na 14D471K: zinavyofanya kazi kwenye boksi lenye joto

SMBJ24A, dayodi ya TVS (inayokinga saketi dhidi ya volti za ghafla) ninayoweka kwenye saketi za volti 24, naipenda: ndogo, inawahi, haina usumbufu. Ila ile namba ya wati 600 inawapoteza wengi. Ni wati za pigo moja la umeme, linalopanda kwa mikrosekunde 10 na kushuka hadi nusu kwenye mikrosekunde 1000, tena dayodi ikiwa na nyuzi 25. Kutoka hapo uwezo unapungua moja kwa moja hadi sifuri kwenye nyuzi 150. Boksi likifika nyuzi 85 imebaki asilimia 52, yaani wati 312. Kwa kuwa inabana volti isipite 38.9, ampea 15.4 inazobeba kwenye nyuzi 25 zinakuwa kama 8 tu.

Kinachoiua zaidi ni volti iliyozidi kidogo lakini haiondoki. Inaanza kupitisha mkondo kati ya volti 26.7 na 29.5, kwa hiyo pawasaplai mbovu inayotoa 30 inaiunguza bila radi yoyote. Wati 1 ya mfululizo inaipandisha takriban nyuzi 100 juu ya joto la hewa. Ikizidiwa kwa kawaida inapiga shoti, ndiyo maana lazima fyuzi ikae mbele yake. Miguuni iachie shaba pana, maana joto hutoka nje kupitia huko.

Varista ya 14D471K, kinga nyingine ya volti za ghafla kwa upande wa umeme wa volti 240, inavumilia joto vizuri zaidi: uwezo wake hauguswi hadi nyuzi 85, kisha unaisha kwenye 125. Inabeba ampea 4500 kwa pigo moja fupi, lakini wastani wake ni wati 0.6 pekee. Ikichoka huanza kuvuja, inapata joto, inavuja zaidi, mwishowe inawaka. Miliampea 10 kwa volti 240 ni wati 2.4, mara nne ya kiwango chake, na fyuzi ya kawaida haihisi chochote. Inahitaji fyuzi ya joto iliyounganishwa nayo kwa mfululizo na kugusana na mwili wake. Bodi nyingi huiweka sentimita 2 pembeni, na hapo haisaidii kitu.

Kuipima, pitisha miliampea 1 ya DC: nzima husoma volti 423 hadi 517. Andika kipimo cha kwanza. Kikibadilika zaidi ya asilimia 10, itoe.

Kwa boksi la moto sasa nachagua SMCJ24A, ndugu mkubwa wa SMBJ24A. Inachukua nafasi kubwa kwenye bodi, lakini kwenye nyuzi 85 bado ina wati 780, kama ampea 20.