Klachi ya stata kwa pikipiki kuukuu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Unabonyeza stata, unasikia inalia "wiiii" kama mbu wa usiku, halafu injini imetulia pale pale. Hapo wengi hukimbilia dukani kununua stata mpya. Hapa Ngamiani, Tanga, nimemwona mtu amebadilisha betri, akabadilisha rilei (swichi inayopeleka umeme kwa stata), akabadilisha na stata yenyewe, na pikipiki ikaendelea kulia vilevile. Stata inayozunguka kwa kasi ni nzima. Kilichokufa ni kile kinachoishikanisha na krenki, mhimili mkuu wa injini: klachi ya stata, ambayo mafundi wanaiita wanwei kwa kuwa inashika upande mmoja na kuachia upande wa pili.

Nasema zaidi na wenye Honda za CB, Kawasaki za Z na wenzao wa miaka ya 1970. Mwenye bodaboda ya CG, yaani yenye injini iliyoigwa kwa Honda CG125, atapata lake huko chini.

Kwanza ijue ilivyo. Kwenye Honda nyingi za wakati ule imefungwa nyuma ya rota ya jenereta, upande wa kushoto. Kuna nyumba ya chuma yenye mifuko mitatu, na kila mfuko ni mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ndani ya kila mfuko mna rola moja, kikofia kidogo na springi inayoisukuma rola kuelekea pembamba. Katikati inaingia shingo ya sproketi, ile inayozungushwa na cheni au gia za stata. Stata ikizunguka, shingo inazivuta rola pembamba, zinabanana, krenki inageuka. Injini ikiwaka, rota inaipita shingo kwa mwendo, rola zinarudi panapana, kila mtu na safari yake.

Basi, vitu vinavyoharibika ni vichache: springi zilizolegea, rola zilizopungua au kupata bapa, vikofia vinavyokwama kwa masizi ya oili, shingo iliyochimbika, nyumba iliyopasuka, na skrubu zilizolegea. Ukinunua kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo, unacheza bahati nasibu.

Sauti itakusaidia. "Wiiii" asubuhi, kisha inashika ukibonyeza mara ya tatu au ya nne: mara nyingi ni springi au masizi. "Tok-tok" kutoka kushoto injini ikiwa silensa, yaani inawaka bila kuongezwa gesi: skrubu zimelegea, na usiendeshe tena mpaka ufungue, maana skrubu ikikatika inatembea humo ndani na rota. "Tak-tak-tak" bila kuzunguka kitu: hiyo si klachi, ni betri au rilei. Na kama stata inaendelea kulia baada ya injini kuwaka, klachi imegoma kuachia au rilei imenata. Zima haraka kabla stata haijaungua.

Tahadhari moja kabla hujatoa hela: si kila pikipiki kuukuu ina wanwei ya rola. Yamaha XS650 inatumia gia inayosogea na waya wa springi ulioizunguka. Ikisaga meno, waya ndio wa kuangalia kwanza. BMW za boksa za zamani zina stata kama ya gari, pinyoni, gia yake ndogo, inarukia meno ya flaiwili. Wenye hizo wasiuziwe rola.

Sasa madaraja yangu.

Ninaloliweka juu ni seti ya rola, springi na vikofia vya kampuni iliyotengeneza pikipiki yenyewe, pamoja na skrubu mpya. Vyote vitatu vitatu, usichanganye rola mpya moja na kuukuu mbili, kwa sababu ile nene itabeba mzigo peke yake na mwishowe itapasua nyumba. Ni chaguo la bei ndogo kuliko mengine yote ya maana, na kwa pikipiki ambayo shingo yake bado laini, hamna haja ya zaidi. Sharti ni hilo: shingo iwe laini. Pitisha ukucha kuzunguka. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, rola mpya ni hela uliyotupa baharini.

Kuhusu namba za spea, kuna siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi, labda na wao hawaijui. Namba ya Honda ya miaka hiyo ina mafungu matatu, na fungu la katikati linakueleza kitu kilibuniwa kwa pikipiki gani kwanza: 300 ni CB750 ya 1969, 323 ni CB500 ya silinda nne, 377 ni CB400F. Kwa hiyo ukiona spea ya pikipiki yako ina 300 katikati, ujue ile ya CB750 ni hiyohiyo, na unaweza kuitafuta kwa jina hilo ambalo lina wauzaji wengi zaidi. Kwa Yamaha, angalia herufi na tarakimu tatu za mwanzo. Walio nje kama David Silver Spares wa Uingereza na CMSNL wa Uholanzi wanauza kwa namba hizi. Ukiagiza, changanyeni watu wawili watatu mgawane gharama ya usafirishaji, la sivyo usafiri utaizidi rola.

La pili: shingo mpya, yaani sproketi nzima, pamoja na ile seti ya rola. Linauma mfukoni, lakini mwenye mfereji kwenye shingo hana pa kukwepa. Kuna mafundi wa kukereza watakaokuambia wataipunguza shingo mpaka mfereji uishe. Usikubali. Ule uso umekomazwa kwa moto, ukiula unafika kwenye chuma laini, na shingo ikishakonda rola zinateremka mpaka mwisho wa mfuko bila kubana.

La tatu ni klachi ya vipande vingi, ile ambayo badala ya rola tatu ina mduara wa vipande vidogo vyenye umbo la karanga ndani ya kizuizi chao. Hivi havibingiriki, vinainama na kusimama, na mzigo unagawanyika kwa wengi. Kwa nguvu na ukimya ndiyo bora kuliko zote. Mbona basi naiweka ya tatu? Kwa sababu inafaa tu pale ilipotengenezwa kwa modeli yako hasa, inadai shingo isiyo na doa, na haisamehe kipimo kibaya. Anayeiendesha pikipiki yake kila siku mpaka Pangani na kurudi, na akaipata ya modeli yake, aichukue. Mwenye pikipiki ya Jumapili, rola tatu zinamtosha.

Nne: klachi kamili ya Kichina. Hii ndiyo ya wenye injini za CG, na kwao naipandisha mpaka namba moja, maana zimejaa madukani na hubadilishwa zima zima. CG125 ilipotoka 1976 ilikuwa na kiki tu. Stata imekuja baadaye, na kila kiwanda kimekuja na yake. Kwa hiyo usiseme "nipe wanwei ya CG" ukanyamaza. Hesabu rola: kuna za tatu, kuna za tisa, kuna za 18 na za 20. Hesabu matundu ya skrubu, pima shingo, linganisha meno ya sproketi. Ile ya 20 inavumilia zaidi kuliko ya tatu, ila nyumba, shingo na rota lazima viwe vya jamaa mmoja. Kuibandika kwenye CB ya zamani kwa sababu "inaelekea kuingia", hapana.

Ya mwisho kabisa ni mtumba unaoletwa na basi kutoka Kariakoo. Sikatai moja kwa moja. Mtumba wa nyumba na rota ni sawa, kwa sababu hivyo havichoki upesi. Mtumba wa rola na springi ni kununua ugonjwa wa mwenzio.

Na feki? Mimi nimeliwa. Nilinunua seti dukani kwa mtu niliyemwamini, sanduku safi, maandishi safi. Siku ya kumi na moja nimesimama Pongwe juani nasukuma. Nilipofungua nikapima kwa venia, kile kipimo cha unene: rola zilikuwa nyembamba kuliko zile kuukuu nilizozitoa! Fundi akacheka, akaniambia, "Mzee, hii ni spea ya Tanga: waja leo, waondoka leo." Tangu hapo sinunui bila kwenda na rola ya zamani mfukoni na venia mkononi. Ipime mpya katikati na ncha zote mbili, ibingirishe juu ya kioo cha kaunta uone kama inakwenda wima, na iangalie kwa karibu kama ina vidoa vya kutu. Hewa yetu ya chumvi haisubiri. Rola iliyokaa nje ya mafuta karibu na Raskazone miezi kadhaa inaota kutu ndani ya sanduku lake.

Kwenye kufunga ndiko pikipiki kuukuu inakoweza kupata nafuu kuliko ilivyotoka kiwandani. Skrubu za msalaba za Honda zitoe kwa bisibisi ya kugonga, kisha weka za alenki (zenye tundu la pembe sita) zenye alama 12.9, yaani chuma kigumu, na kichwa cha umbo lilelile, ili kisigonge kitu. Nyuzi zisafishwe kwa petroli, zikauke, zitiwe gundi ya kufungia nati. Wenye Kawasaki Z1 msilipuuze hili. Bolti zake tatu zina historia ya kulegea. Springi usiivute irefuke, italala tena baada ya wiki. Wala usitafute kali kupita kiasi: injini ikitembea rola zinaisugua shingo iliyosimama, na springi kali inaichimba haraka. Mng'ao kwenye shingo uondoe kwa msasa laini, mara mbili tatu tu. Rota ichomolewe kwa pula yake, si kwa nyundo, sumaku haipendi nyundo.

Kabla hujarudisha kava, ingiza sproketi kwa mkono na uizungushe. Upande mmoja iteleze, upande wa pili ikamate hapo hapo bila kusitasita. Ikisita, fungua tena.

Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Zile za gari zilizotiwa dawa ya kupunguza msuguano zinaitelezesha klachi kubwa, na hii ndogo nayo haipendi. Betri nayo ipimwe: ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 hivi ikiwa imepumzika, na unapobonyeza stata isishuke chini ya 9.6. Betri hafifu inaisukuma pistoni nusu njia, cheche inawaka, injini inarudi nyuma kwa kishindo, na kishindo hicho chote kinapokelewa na rola tatu ulizonunua juzi.