Saa iliyoniambia moyo unapiga 178 nikiteremka kutoka Mweka

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi. Mlima wa kwenda Mweka nilikuwa nimeumaliza, sasa nateremka kurudi Moshi mjini. Kuteremka huko ndiko raha yenyewe: migomba pembeni, miguu inajiendea, pumzi imetulia kiasi cha kusalimiana na mama wa ndizi bila kusimama. Nikatupia jicho mkononi. Saa ikasema mapigo 178 kwa dakika.

Nina miaka 43. Kwa ile kanuni ya 220 toa umri, moyo wangu ukipiga hadi mwisho wake unafika 177. Yaani nilikuwa nimevuka mwisho wa uwezo wangu huku natoa salamu. Nikasimama, nikaweka vidole viwili shingoni, nikahesabu kwa sekunde 15. Nikapata 34. Mara nne, 136.

Nilipofungua rekodi kwenye simu jioni, jibu lilikuwa hapo hapo, mstari wa chini yake. Katika kipande kile cha mteremko nilikuwa napiga hatua 176 hadi 180 kwa dakika. Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu na kuniandikia kwamba ni moyo.

Niseme kwanza kwamba saa hii si ya mchezo. Nilitoa laki nne na nusu, na kwa umbali, kasi na betri sina la kulalamika: naichaji mara moja kwa wiki. Jina lake silitaji kwa sababu ninayoyaeleza hayahusu kampuni moja. Karibu kila kifaa kinachopima moyo kwenye kifundo cha mkono kinatumia njia ile ile.

Igeuze saa yako uone. Chini kuna vitaa vya kijani na kijicho cha kupokea mwanga. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukisukuma, damu hujaa kwenye vimishipa vya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo huongezeka tena. Saa huhesabu kule kupanda na kushuka. Sasa rusha mkono kama mkimbiaji. Damu inasukwasukwa, saa inacheza juu ya ngozi, na mtikisiko huo nao una mdundo wake. Programu ya ndani inabidi ichague mdundo upi ni wa moyo, na wa moyo ukiwa hafifu, inaushika ule wenye kelele zaidi. Kwenye mteremko miguu inapiga kwa nguvu na kwa haraka huku moyo umepumzika. Mtego kamili.

Kaka mmoja wa kikundi chetu cha jogingi aliponisikia nalalamika akaniazima mkanda wake wa kifuani. Mkanda hauna habari na mwanga. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, kwa msingi ule ule wa kipimo cha ECG cha hospitali. Ni teknolojia ya siku nyingi: Polar ya Ufini ilitoa kipimo cha mkimbiaji kisicho na waya mwaka 1982, miaka mingi kabla hizi saa za vitaa hazijaenea. Kwa wiki sita nilivaa vyote viwili, saa ikijirekodia yenyewe na mkanda ukituma kwenye simu, kisha jioni nalinganisha. Mume wangu alisema nimekuwa mhasibu wa moyo.

Kwenye mbio za taratibu, barabara tambarare, nikishapata joto, saa ilinishangaza kwa uzuri. Ilipishana na mkanda kwa mapigo mawili au matatu, kwa saa nzima. Usiku nikiwa nimelala, na asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, walikubaliana karibu kila kitu. Kama unataka kujua moyo wako unapiga mara ngapi ukiwa umepumzika, na kufuatilia kama unashuka mwezi hadi mwezi, saa peke yake inatosha.

Kwenye mizunguko ya kasi, hapo ndipo aibu. Nakimbia mita 400 kwa nguvu, natembea, narudia. Mwisho wa mzunguko mkanda unasema 172, saa inasema 151. Naanza kutembea, mkanda unashuka, na saa ndiyo kwanza inapanda, kama mtu anayecheka wenzake wakishamaliza. Kwa mizunguko mifupi usiiangalie kabisa. Tumia muda na umbali.

Baridi nayo. Julai, huku juu karibu na mlima, asubuhi inauma. Mwili unabana mishipa ya ngozi ili kutunza joto, kwa hiyo damu inayopita chini ya saa ni kidogo. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa napata namba za ajabu: 95 nikiwa nahema, halafu ghafla 170. Siku hizi napasha mwili ndani ya uzio kwanza, na saa naifunika kwa mkono wa sweta.

Halafu mambo ya kukaza vidole. Baiskeli, vyuma, hata kinu. Siku moja niliivaa nikitwanga kisamvu, mkanda uko kifuani (ndiyo, nilifika huko). Mkanda ulitulia kwenye 112. Saa ilianza na 84, ikaruka 140, ikaishia kuweka vistari viwili tu. Nilivipenda vile vistari. Walau hapo ilikiri.

Swali la kwanza ninaloulizwa na wanakikundi ni la ngozi: hivi vitaa sisi weusi vinatuona kweli? Si swali la kupuuza, maana rangi ya ngozi nyeusi nayo hufyonza mwanga wa kijani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 walipima vifaa saba kwa watu 60 wakakuta makosa yanazidi kidogo kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Wa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2020, kwa watu 53, hawakuona tofauti ya maana kati ya ngozi na ngozi. Tofauti waliiona kati ya kifaa na kifaa, na kati ya kutulia na kufanya shughuli, ambapo kosa lilikuwa kubwa zaidi kwa wastani wa asilimia 30. Mkono wangu ni mweusi tii, na nikiwa nimekaa saa inapishana na mkanda kwa pigo moja. Lakini sisemi rangi haina neno kabisa: mwanga unaorudi ukiwa kidogo, mtikisiko unapata pa kushindia. Tatoo ndiyo mbaya zaidi, wino unaweza kuuziba mwanga moja kwa moja.

Kilichonisaidia kuliko chochote ni kitu cha bure. Nilikuwa naivaa saa kama bangili, inacheza juu ya ule mfupa uliotokeza kwenye kifundo. Niliisogeza juu kidogo, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye mfupa, nikaikaza tundu moja zaidi wakati wa kukimbia tu, na nikaanza kufuta kile kioo cha chini kila baada ya mazoezi, maana jasho na mafuta ya nazi vilikuwa vimeganda pale. Zile ruka-ruka zilipungua sana. Mteremko wa Mweka bado unaidanganya, ila si kila Jumapili.

Linaloniudhi hasa ni hesabu zinazojengwa juu ya namba mbovu. Baada ya ile Jumapili saa iliniamuru nipumzike siku tatu, ikasema nimejichosha kupita kiasi, na nikaitii! Viwango vya mazoezi navyo ilivipanga kwa 220 toa umri. Nilipopanda mlima kwa nguvu zote nikiwa na mkanda nilifika 186, nikabadilisha mwenyewe. Na kalori achana nazo. Katika utafiti ule wa Stanford, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kwenye kalori bado kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Chapati ya ziada usiile kwa idhini ya saa.

Mkanda nao una kero zake. Lazima uuloweshe kabla ya kuvaa, ukiwa mkavu unasoma upuuzi mpaka jasho litoke. Unachubua pale unapokutana na sidiria. Usipousuza, unanuka.

Shangazi yangu mwenye presha aliiona akataka ya kwake, ajipime nayo. Nikamwambia hii si kifaa cha hospitali. Ikionyesha namba ya kutisha ukiwa umekaa, vidole shingoni kwanza, na vidole vikikubaliana na saa, twende kwa daktari.

Mkanda wa kaka nimeurudisha, nimenunua wangu. Navaa Jumapili na siku za mizunguko, siku nyingine saa inabaki peke yake. Naipa nyota tatu na nusu, na ile nusu ni ya betri.