TAHADHARI: Farasi "wa miaka 6" mwenye meno manne tu ya ukubwani

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu na Mambrui mnaopandisha wageni ufuoni, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna shule moja ya kupanda farasi huko bara, jina silitaji, inauza farasi wachanga kwa umri wa uongo. Mimi nimeshaliwa, na nasikia wiki hii wameanza kupigia watu wa Watamu.

Mwezi Agosti nilikuwa natafuta farasi mpole wa kuanzia msimu. Muuzaji akanitumia video, watoto wa shule juu ya tandiko, farasi anatembea kama ng'ombe anayerudi zizini. "Ana miaka sita huyu, hata nyanyako atampanda." Nikakwea basi. Nilipofika saa nne asubuhi nilimkuta kashatandikwa, katulia tuli. Nikapitisha mkono chini ya tandiko, manyoya yameshikana kwa chumvi ya jasho lililokauka. Niliona kwa macho yangu na nikanyamaza, ujinga wangu huo. Farasi aliyezungushwa tangu alfajiri atakosaje upole? Nikalipa 160,000: 60,000 kwa M-Pesa, zilizobaki mkononi, risiti ni karatasi ya daftari isiyo na mhuri.

Siku ya tatu hapa Malindi akaanza kuchechemea mguu wa mbele, kifundo kimevimba na kina moto. Daktari wa mifugo alipokuja hakuanzia mguuni, alianzia mdomoni. Na hili kila mmoja wenu aweza kulifanya mwenyewe. Farasi ana meno 12 ya mbele, sita juu na sita chini. Ya utotoni ni madogo, meupe, yamebinyika kwenye ufizi. Ya ukubwani ni mapana, yana umanjano na mifereji. Ya katikati hubadilika kwenye miaka 2 na nusu, yanayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni kabisa miaka 4 na nusu. Wangu alikuwa na manne tu makubwa, mawili juu na mawili chini. Miaka sita gani hiyo?

Daktari anashuku alidungwa dawa ya maumivu ili siku ya mauzo atembee sawa. Damu haikupimwa mapema, kwa hivyo hilo siwezi kuliapia. Umri wake ndio naapa.

Hesabu ya mzigo nayo ni hii: mtu pamoja na tandiko wasipite moja ya tano ya uzito wa farasi, na hapo tunasema farasi aliyekomaa. Wangu ana kama kilo 320, basi ni kilo 64. Wageni wetu mnawajua wenyewe walivyo. Uti wa mgongo wa farasi hukomaa mwisho kabisa, baada ya miaka mitano, na huyu alikuwa akibebeshwa wanafunzi kutwa, mmoja akishuka mwingine anapanda.

Halafu neno "farasi wa shule" lisiwalaghai. Kule anazunguka uwanjani nyuma ya mkia wa mwenzake, ndiyo kazi pekee anayoijua. Nilipomshusha ufuo wa Silversands peke yake, wimbi la kwanza lilimrudisha kinyumenyume hadi kwenye miti. Ukienda kununua, shinda hapo siku mbili, fika bila kutangaza, umwone akitandikwa tangu mwanzo, na umtoe nje ya uwanja bila wenzake. Na daktari uende naye wako, sio wa kuitiwa na muuzaji.

Ulizeni pia kadi ya chanjo: ya ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, na ya pepopunda (jina lenyewe lasema, na farasi hapati nafuu kuliko punda). Mimi niliambiwa kadi "itatumwa". Mpaka leo simu yangu haipokelewi.

Sasa tangazo jipya ni la jike, maneno yaleyale ya nyanya, na video imepigwa kwenye boma lilelile la mbao nyeupe. Aliyewahi kutuma hela huko anitafute aje na ujumbe wake wa M-Pesa, tuandikishe polisi kwa pamoja.

Wangu ninaye bado, yuko chini ya mkanju nyuma ya nyumba. Hapandwi na mtu mpaka meno ya pembeni yabadilike.