Masomo ya kutunza uumbaji kwa vikundi vidogo: kipi kinunuliwe kwanza

Kabla ya kulipia, fungua somo la pili au la tatu. La kwanza huwa limepambwa. Pima maswali yake. "Je, Mungu anataka tutunze mazingira?" ni swali bovu: wote wataitikia ndiyo, kisha kimya. Swali zuri linawapeleka watu kwenye andiko na kuwarudisha mtaani kwao. Someni Kumbukumbu la Torati 20:19–20: kwa nini mti wa matunda ulindwe hata mji unapozingirwa? Na karibu nanyi, ni mti upi au kijito kipi hakina mtetezi?

Nafasi ya kwanza ni ya kijitabu cha masomo matano au sita chenye mwongozo wa kiongozi. Watu 8 hadi 12 wenye dakika 75 wanatoshwa na maswali 5 au 6. Yakifika 15, mtakuwa mnakimbizana na saa. Hakikisha Mwanzo 1:28 inasomwa pamoja na 2:15, "ailime na kuitunza", maana anayeishia kwenye kutawala ameacha nusu ya agizo. Walawi 25, ardhi ipumzike mwaka wa saba, isikosekane, wala Warumi 8:19–22. Kila somo lidai tendo moja la wiki hiyo, na linalofuata lianze kwa kuuliza lilifikia wapi. Vijitabu vingi hurundika matendo yote kwenye somo la mwisho, watu wakiwa tayari wanaagana.

Ya pili ni Laudato Si', waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015. Unapatikana bure kwenye tovuti ya Vatican, kwa hiyo gharama yenu ni ya kuchapa tu. Una sura 6 na aya 246, na anayeanza aya ya kwanza huchokea njiani. Anzeni na sura ya 2, iliyojengwa juu ya Maandiko, hivyo hata wasio Wakatoliki wataifuata vizuri. Maswali itabidi muyatunge wenyewe.

Video ni ya tatu: isizidi dakika 10, na ipakuliwe mapema. Tafakari za kila siku zinamfaa msomaji aliye peke yake.

Mwisho, soma ukurasa wa hakimiliki. Baadhi ya wachapishaji humruhusu kiongozi kunakili kurasa za maswali. Wengine hutaka kila mshiriki awe na nakala yake, na hapo bajeti hubadilika kabisa.