Wikiendi ya Mji Mkongwe na Jozani: Mkunazini dakika kumi na tano, dukani saa nzima

Jamani bado nina hasira na hii safari na imeshapita muda sasa, sijui wiki sita, sijui miezi miwili. Nilichukua pakeji ya wikiendi Zanzibar, mji, historia na msitu kwa siku mbili, gari na mtembeza wageni humohumo. Nilimlipia mama. Mama kafundisha historia huku bara miaka na miaka, soko la watumwa la Mkunazini kalielezea madarasa mangapi na hajawahi kukanyaga pale.

Asubuhi ya kwanza haikuwa mbaya. Ngome Kongwe tuliingia, Beit al-Ajaib tukaitazama kwa nje maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, mama akasimama palepale akaanza kunisimulia Sultan Barghash alivyoijenga 1883 na huyohuyo ndo aliyetia saini soko la watumwa likafungwa 1873, mimi namsikiliza moyo umejaa.

Tukafika Mkunazini. Mle kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko, madhabahu yapo pale ambapo wanasema palikuwa na mti wa kuchapia watumwa, na nje kuna zile sanamu tano shimoni, minyororo shingoni. Mama akanyamaza. Akavua miwani, akainama pale ukingoni, machozi yanamtoka, nikarudi nyuma nikamwacha. Hapo ndo yule kijana mtembeza wageni anaanza kupiga makofi, pa pa pa, "Bi mkubwa, picha si umeshapiga? Twende basi, hizo sanamu tu, watu wanatusubiri."

Sanamu tu! Anamwambia mama yangu! Na mama hakujibu kitu, alivaa miwani akamfuata kimyakimya, na hicho ndo kinaniuma mpaka leo, kwamba mimi pia sikusema kitu.

Dakika kumi na tano hazikufika. Na hao waliokuwa wanatusubiri ni wenye duka la viungo. Tulikaa humo saa nzima, tena zaidi, tunanusishwa karafuu na iliki huku yeye kakaa na mwenye duka wanapiga stori. Nilipomuuliza akasema, "Dada, ratiba ndo ilivyo." Ratiba niliyotumiwa kwenye simu ninayo, duka halimo!

Siku ya pili vilevile, duka la vinyago njiani, Jozani tumefika jua linaelekea kushuka. Ila hapo niseme ukweli, kaka aliyetupokea msituni alikuwa na adabu ya ajabu. Alimshika mama mkono kwenye mizizi, akamwonyesha kima punju juu kabisa, akamweleza kwamba hawa asili yao ni Unguja tu, kwamba hawana kidole gumba, na kwamba wapo wanaokula mkaa kupunguza sumu ya majani wanayokula. Mama akauliza maswali kama mwanafunzi, akacheka, nikasema moyoni basi yaishe, nitawapa nyota tatu.

Halafu tukaomba kwenda kwenye daraja la mbao la mikokoni, tukaambiwa muda umeisha. Kwa sababu ya vinyago! Na nikakumbuka yule kaka wala si wa kampuni, ni wa hifadhi, sifa zake zinawahusu nini wao? Nyota moja, na hiyo ni ya dereva, aliendesha vizuri.

Niliwaandikia, wakajibu "tutalifanyia kazi", basi.

Mama hajalalamika hata siku moja, ila juzi kaniuliza, hivi pale Mkunazini mtu akienda mwenyewe anaachwa akae? Nimemwambia tutaenda sisi wawili. Kutoka bandarini ni mwendo wa miguu, tutaanzia hapo asubuhi kabla ya kitu kingine chochote, na Jozani iwe kesho yake mapema, daladala za Makunduchi zinapita palepale barabarani.